Kamisheni ya Mtandaoni: Nani Humlipa Nani?

Udalali si jambo geni Tabora. Tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu iliyopita hapa kati ya pwani na Ujiji, wamekuwapo watu waliojipatia riziki kwa kumkutanisha mwenye mali na mwenye kuihitaji. Kazi hiyo sasa imehamia pia kwenye simu. Mkazi wa Gongoni anayetengeneza video za ufugaji wa nyuki anaweza kuweka chini ya video yake kiungo cha duka linalouza mavazi ya kurinia asali. Mtazamaji akikibonyeza na kununua, duka humlipa mwenye video kamisheni. Wanaoifanya kazi hii huiita afilieti. Ni biashara halali, na duka la Amazon la Marekani limekuwa nayo tangu mwaka 1996.

Kiungo hicho hubeba alama inayomtambulisha aliyekitoa. Mteja akikibonyeza, duka huweka kumbukumbu ndogo katika simu yake ili ununuzi ukifanyika lijue ni nani anayestahili kulipwa. Kumbukumbu hiyo haidumu. Kwa kawaida Amazon hutoa saa 24 tu: mteja anayetafakari siku tatu kisha akanunua bila kupitia kiungo tena, hakuletei chochote. Bidhaa ikirudishwa dukani, kamisheni nayo hufutwa.

Tufanye hesabu. Mavazi yakiuzwa shilingi 120,000 na kamisheni ikiwa asilimia 5, kila mnunuzi mmoja ni shilingi 6,000. Watu 200 wakibonyeza kiungo na watatu wakanunua, mapato ni shilingi 18,000, na humo bado hujatoa gharama ya bando. Anayekuahidi mamilioni katika wiki ya kwanza hajaifanya hesabu hii, au ameifanya na hataki uione.

Hapa ndipo wananchi wengi wanapoumizwa. Matapeli huliazima jina la afilieti, kisha hudai ada ya kujiunga, ada ya kupanda daraja, na hatimaye ada ya kutolea fedha ambazo mtu huziona kwenye kioo cha simu tu. Tazama fedha inatoka wapi. Katika udalali wa kweli, kamisheni hutoka kwa muuzaji baada ya bidhaa kununuliwa, na dalali halipii nafasi yake. Pale ambapo malipo yako yanatoka katika ada za watu uliowaingiza, huo ni upatu, na Kanuni ya Adhabu inaukataza hata ukivikwa vazi la teknolojia. Waliopoteza akiba zao DECI ilipoanguka mwaka 2009 waliambiwa wanapanda mbegu. Leo msamiati ni mwingine tu.

Kabla ya kujiunga, soma masharti ya malipo: kiwango cha chini cha kutolewa, na njia itakayotumika. Baadhi ya maduka ya nje hayalipi kwa mitandao ya simu ya hapa nchini, na ni vyema kulijua hilo kabla ya miezi sita ya jasho. Kumbuka pia kodi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa malipo ya watayarishaji wa maudhui ya kidijitali. Na hata mlipaji aliye ng'ambo asipoikata, mapato hayo bado ni ya kutangazwa TRA.

Mwenye kiungo awaambie watazamaji waziwazi kwamba hulipwa wakinunua. Nawe mnunuzi, usichukulie sifa za bidhaa kuwa ushahidi wa mtu asiye na maslahi. Linganisha bei na ya duka jingine.

Ukipokea ujumbe unaodai ada ya ajira ya mtandaoni, usitume fedha wala namba ya siri. Ripoti namba iliyokutumia ujumbe huo kupitia 15040. Ikiwa fedha zimekwisha kutumwa, piga simu mara moja kwa mtoa huduma wako, kisha fika kituo cha Polisi ukiwa na ujumbe wote wa miamala, usiufute.