Kwa nini kangomba haifi Newala

Kutoka Masasi, mji uliozungukwa na milima ya mawe, barabara hupanda uwanda wa Makonde hadi Newala. Ukisimama ukingoni, pale Shimo la Mungu, unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Juu huku mvua huzama mchangani na maji ya kisima ni ya shida, lakini mkorosho umestawi. Ada, bati, pikipiki, hata mahari, vyote husubiri korosho.

Uuzaji wake una utaratibu unaoeleweka. Tangu 2007 mkoani Mtwara kuna mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, AMCOS, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, kisha mnadani. Newala na Tandahimba ziko chini ya chama kikuu cha ushirika cha TANECU. Masasi iko chini ya MAMCU. Katika msimu wa 2024/25, minada ilipoanza kuendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo.

Bei nzuri, basi. Tatizo ni kalenda. Salfa ya kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga hupulizwa kuanzia Juni, nayo hata ikija kwa ruzuku, mpuliziaji na petroli ya mashine havina ruzuku. Palizi nayo inataka vibarua. Minada hufunguliwa Oktoba. Katikati hapo ndipo anapoingia mtu wa kangomba, mnunuzi asiye rasmi, na fedha taslimu na bakuli lake, ambalo huhesabiwa kuwa kilo moja ilhali linabeba zaidi. Mkulima anauza korosho zikiwa bado maua.

Serikali imeipiga vita biashara hii kwa miaka. Mwishoni mwa 2018, Rais Magufuli alipoamuru korosho zote zinunuliwe kwa shilingi 3,300 na jeshi lizisombe, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba ili kuwanasa wa kangomba. Wapo wakulima halali waliosubiri fedha kwa miezi. Kwa maoni yangu, kusubiri huko ndiko kulikoinenepesha kangomba: aliyekaa miezi bila kulipwa, msimu unaofuata yeye mwenyewe anamtafuta mwenye bakuli.

Maana kangomba ni mkopo, na riba yake imo ndani ya bakuli. Korosho za kangomba hazitoroshwi mbali. Nyingi huingia AMCOS ileile kwa jina la mwanachama, zikapimwa kwa mzani uleule na kupata bei ya mnada. Msako hauondoi riba hiyo. Kitakachoiondoa ni chama cha msingi kumkopesha mwanachama wake mwezi Juni.