Mizani Ikidanganya, Upimwe Mkono

Katika machimbo ya Geita, neno la mizani ndilo la mwisho: punje ya dhahabu hupimwa, na ubishi huishia hapo. Katika kliniki za watoto, Geita hata Shinyanga, mizani huaminiwa vivyo hivyo. Lakini kwa mtoto mwenye saratani ya tumbo, mizani inaweza kudanganya.

Limfoma ya Burkitt, inayofahamika katika Kanda ya Ziwa, na uvimbe wa Wilms unaoanzia kwenye figo, huweza kufikia kilo moja au zaidi. Mtoto aliyekuwa na kilo 14 miezi mitatu iliyopita, na leo bado ana kilo 14, huonekana hajapungua. Kumbe kilo moja ni ya uvimbe, na mwili wenyewe umepoteza kiasi hicho hicho.

Kinachoyeyuka hapo ni pamoja na misuli. Saratani huamsha mchochota mwilini, na kemikali zake, kama interlukini-6, hufifisha hamu ya kula na kuifanya misuli ivunje protini zake. Ini nalo huongeza protini iitwayo CRP na kupunguza albumini. Kwa hiyo albumini ikishuka, mama asilaumiwe haraka kwamba hakumlisha mwanawe. Wala CRP ikipanda, saratani haijathibitishwa: malaria na nimonia huipandisha pia.

Utepe wa kupimia mzunguko wa mkono husaidia pale mizani inaposhindwa, kwa kuwa uvimbe wa tumboni haunenepeshi mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Kwa mtoto mkubwa zaidi, vipimo vyake viandikwe kila hudhurio na kulinganishwa.

Uji wa maziwa, mayai, dagaa, na michembe kwa karanga humpa nguvu mtoto anayetibiwa. Hata hivyo, chakula peke yake hakizimi mchochota. Chanzo chake ni lazima kitibiwe. Mtoto aliyekonda huzistahimili dawa kwa shida, na matibabu yake huweza kukatizwa.

Tumbo linalokua huku mikono ikikonda ni sababu tosha ya kumpeleka mtoto hospitali, na ya mhudumu kumpa rufaa, hadi Bugando, Mwanza, ikihitajika. Mizani isisubiriwe ishuke.