Unapotafuta ‘kitabu’ tarakilishi ikakupa ‘tabu’

Chukulia kwamba hospitali moja ya kaunti imeundiwa programu ya kuhifadhi maelezo ya wagonjwa kwa Kiswahili. Karani ameandika: “Jino la chini linamuuma.” Miezi sita baadaye, daktari anataka kuwajua wote waliolalamikia meno. Anachapa ‘meno’, anabonyeza, na tarakilishi inamjibu bila haya: hakuna rekodi. Daktari anaamini. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mtambo haukusema ‘sijui’, umesema ‘hakuna’.

Ili hifadhidata isipekue kila mstari wa majedwali yake, hutengenezewa faharasa iliyopangwa kialfabeti, mithili ya kamusi. Faharasa ya kawaida husomwa kuanzia kushoto. Ukiipa herufi za mwanzo wa neno, inakupeleka moja kwa moja panapohusika. Ukiipa za katikati, haikufai kitu, na mtambo hulazimika kupitia mistari yote, mmoja baada ya mwingine.

Mpangilio huu unakifaa Kiingereza, ambacho hubadilisha maneno yake zaidi mwishoni. Mwaka wa 1980, Martin Porter alichapisha kanuni za kukata viambishi tamati vya lugha hiyo, na hadi leo zingali zinatumika katika programu za utafutaji. Kiswahili nacho hujenga neno kutoka pande zote mbili. Anasoma, hawajasoma, watakaosomeshwa: mzizi ni som-, nao umejificha katikati. Jino na meno yanachangia ‘no’ pekee, na ‘no’ hiyo imo pia katika mkono, neno na maono. Vitenzi vya silabi moja ndivyo balaa kabisa. Mzizi wa kula ni l-. Sasa nani atatafuta ‘l’?

Wapo wanaodhani dawa ni kukata viambishi awali bila kuuliza. Haya, kata ki- katika kitabu, unabaki na tabu. (Mwanafunzi wa wiki ya mtihani atakwambia hakuna kilichoharibika.) Kata ma- katika maji, unabaki na ji. Kuku anabaki ku. Mtambo hauna budi kupewa orodha ya mashina pamoja na kanuni za ngeli na za mnyambuliko, ndipo ujue kwamba ki- ya kitabu haikatwi ovyo.

Kazi hiyo si ndoto. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki aliunda SWATWOL, kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, kwa msingi wa modeli ya ngazi mbili aliyoibuni Kimmo Koskenniemi mnamo 1983. Helsinki, si Mombasa! Idara zetu za Kiswahili na za sayansi ya tarakilishi, ambazo aghalabu hutenganishwa na ua wa nyasi tu, zingefaa kuanza kunywa chai pamoja.

Kwa anayeunda programu, jedwali liwe na safu mbili: moja ya maneno jinsi yalivyoandikwa, nyingine ya mashina yake. Neno la mtafutaji nalo lipitishwe katika kichanganuzi kilekile, ili meno na jino yakutane mahali pamoja. Penye utata, mtambo usijifanye mjuzi. ‘Mito’ ni ya maji au ya kulalia? Uonyeshe yote, binadamu achague.

Halafu kuna ritifaa ya ng’ombe. Baadhi ya simu huiandika ikiwa imepinda, ilhali tarakilishi nyingi huiandika ikiwa imenyooka. Kwa mtambo hizo ni alama mbili tofauti, hivyo ng’ombe wa simu hampati ng’ombe wa ofisi. Isitoshe, katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Programu iliyoundwa kiholela ikifika kwenye ‘ng’ inadhani neno limekwisha, ‘ombe’ inakuwa upuuzi kwake, na utafutaji mzima unakwama. Anayejaribu programu yake kwa ‘mti’ na ‘shule’ pekee hatayaona haya. Aanze na ng’ombe.