Mgodi ukizima, shabiki wa Shinyanga anabaki na nani?

Januari 19, 2019 Yanga ilitua CCM Kambarage, Shinyanga, ikiwa haijapoteza hata mechi moja ya Ligi Kuu msimu ule. Ikaondoka imelala 1-0, bao la Jacob Massawe. Mji mzima ulikuwa juu. Lakini ligi ilipokwisha Mei, Stand United, timu ileile iliyowatibulia Wananchi, ikashuka daraja. Hadi mwaka 2025 ilikuwa haijarudi.

Hata hivyo nenda pale mjini umseme vibaya 'Chama la Wana' uone. Timu hii ilizaliwa stendi ya mabasi, na ndiyo maana inaitwa Stand na wachezaji wake wanaitwa Wapiga Debe. Hakuna tajiri aliyeileta. Wanaoita abiria kutwa nzima, makonda, madereva na wauza maji ndio walioianza, na ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 walipanda nayo.

Mapenzi ya namna hii yapo kwingine. Nebraska, Marekani, haina timu ya NFL. Kwa hiyo watu wake wamehamishia roho kwa timu ya chuo kikuu, na uwanja wa Lincoln umekuwa ukijaa kila mechi tangu mwaka 1962. Wengi wanaovaa ile jezi nyekundu hawajawahi kukanyaga darasa la chuo hicho. Alabama ni hivyohivyo. Pale ambapo wakubwa hawajaweka kambi, watu wanashika kilicho chao, na wanakishika kweli.

Kwetu vyuo havina ubavu huo. Shinyanga na Geita, nafasi hiyo imeshikwa na stendi na migodi.

Tatizo ni kwamba wakubwa wetu wako kila mahali. Simba na Yanga hazihitaji kuwa na uwanja Shinyanga ili kuwa na wenyewe Shinyanga. Siku zikija Kambarage, jukwaa linageuka kijani au jekundu, na shabiki wa Stand anakaa na mtu wa nyumba moja naye anayeshangilia wageni. Kumpenda Stand siku hiyo kunataka moyo. Ndiyo maana ushindi wa aina ile unakumbukwa kuliko nafasi kwenye msimamo. Mwadui nao wana wa kwao: Oktoba 30, 2019 waliifunga Simba 1-0 palepale Kambarage, mfungaji Gerald Mathias, na kuvunja rekodi ya Mnyama ya kutofungwa msimu ule.

Ushabiki wa kugawana mji si mgeni kwa Wasukuma. Kabla ya mpira kulikuwa na Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo baada ya mavuno vinacheza kwa wakati mmoja, jirani kwa jirani, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Hapo mtazamaji hatazami tu. Miguu yake ndiyo kura. Mtu aliyekulia kwenye mashindano hayo hahitaji kufundishwa maana ya kujaza jukwaa.

Sasa njoo kwenye pesa, maana ndiko kwenye kidonda. Mwadui FC ilikuwa timu ya mgodi wa almasi wa Williamson, kule Kishapu. Aprili 2020 mgodi ukasimamisha uzalishaji, na msimu wa 2020/21 timu ikashuka. Stand yenyewe ilipata udhamini wa Acacia, kampuni ya dhahabu, mwaka 2015. Badala ya neema ikaja vita: wanachama upande mmoja, kampuni upande wa pili, kila mmoja akisema timu ni yake. Mwaka uliofuata mdhamini akaondoka zake. Waliojenga timu kwa michango ya stendi walikuwa na haki ya kuuliza timu ni ya nani. Walichokosea ni kuuliza kwa kugombana mpaka mwenye hela akakimbia.

Geita Gold ilionekana imepata dawa. Timu ya halmashauri ya mji, mgodi wa GGML nyuma yake, ikapanda mwaka 2021 na msimu wake wa kwanza tu ikamaliza ya nne. George Mpole akafunga mabao 17 na kumpiku Fiston Mayele kwenye kiatu cha dhahabu, jambo ambalo wachimbaji walilipokea kama jiwe lenye madini. Ikacheza Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Mpole alikwenda zake FC Lupopo. Mwaka 2024 Geita ikashuka, mgodi ukiwa bado unachimba. Kumbe hela peke yake nayo haitoshi.

Kisha mwaka 2025 Championship ikawakutanisha mchujo, Stand na Geita, mmoja tu wa kusonga mbele. Wapiga Debe wakapita. Mbele yao ikabaki Fountain Gate, nafasi moja ya Ligi Kuu mezani, na Shinyanga ikaanza tena kuhesabu mabasi ya kukodi. Fountain Gate ikawatoa. Stand na Geita wakabaki Championship pamoja.