RADI INAPOKUKUTA NJIANI



Hewa yenye unyevu wa Ziwa Tanganyika ikipanda milima ya Mitumba juu ya Uvira, mawingu mazito hujengeka upesi na radi hufuata. Hesabu ya satelaiti iliyotolewa mwaka 2016 iliiweka Kabare, kaskazini kwetu, ya kwanza Afrika na ya pili duniani: zaidi ya miale 200 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba.

Wengi husema mipira ya magurudumu humkinga shofere. Si kweli. Kinga ni bati: umeme hupita juu ya bodi hadi ardhini. Radi yaweza kuharibu redio au kupasua gurudumu, na gari likazimika. Hata hivyo, usitoke.

Shikeni haya:

1. Simamisha gari mbali na miti na mto. Funga madirisha. Usiguse chuma.

2. Aliye nyuma ya kamyo wazi au juu ya pikipiki hana kinga. Aingie nyumba imara, asijifiche chini ya mti.

3. Mgodini, acheni kazi ya baruti na fataki mara msikiapo ngurumo ya kwanza, mwondoke hapo.

4. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

5. Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguseni bila hofu. Asipopumua, mkandamizeni kifua mara moja, na mwite muuguzi.

Afadhali kuchelewa nyumbani kuliko kutofika.