Chozi wa Dzaleka si wa manati

Huenda umeona kwenye simu video ya ndege mdogo sana anayesimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga kasi hadi hayaonekani. Huyo ni ndege-mvumaji. Wapo aina zaidi ya 300 na wote wanaishi Amerika tu. Ukisikia mtu akisema amemwona Dzaleka au Kawale, basi amemwona ndege mwingine, naye ni wetu: chozi.

Ndiyo, jina ni lile lile la chozi la jicho. Ana mdomo mwembamba uliopinda, na chakula chake kikubwa ni maji matamu ya maua. Tofauti na mvumaji, yeye kwa kawaida hukaa kwenye kijiti au kwenye ua lenyewe anapokunywa. Dume la chozi kifua-chekundu ni jeusi, kifua chekundu kama makaa. Jike ni la kahawia tu, lenye mabaka, na hapo ndipo taabu inapoanza. Watu wanamjua dume na kumsifu, lakini jike anayejenga kiota na kulalia mayai hawamtambui.

Kiota chenyewe hakifanani na kiota. Ni kifuko kinachoning'inia kwenye tawi, kimefumwa kwa nyasi na utando wa buibui, mlango uko ubavuni, na nje kimebandikwa majani makavu, hata vipande vya karatasi. Unaweza kudhani ni takataka iliyonaswa na upepo. Anayefagia uwanja anakichomoa, anayetafuta kuni anakata tawi zima, mtoto anakilenga kwa manati. Ndani mara nyingi kuna mayai mawili.

Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994 ilipangwa kwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000, na kila nyumba inapika. Miti imepungua kwetu na kwenye vijiji jirani vya Dowa, na hatuwezi kumlaumu mama anayetafuta kuni za ugali. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, mti mmoja wenye maua uliobaki uwanjani kwako una thamani kubwa kwa ndege huyu. Ukiona kifuko kinaning'inia, kitazame kwa mbali kabla ya kukata. Jike akiingia na kutoka, subiri. Tangu kutaga hadi makinda kuruka ni kama mwezi mmoja. Wengi hutaga kuanzia Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijashika, wakati ambao wengi wetu tunasafisha viwanja.

Wengine wanamfukuza kwenye migomba wakisema anaharibu ndizi. Haharibu. Anakunywa utamu wa ua, na ndizi tunazokula hukua bila kuchavushwa, kwa hiyo hapunguzi chochote. Kwa shubiri anafanya kazi kubwa, maana hubeba chavua kichwani kutoka ua hadi ua. Makinda yake anawalisha wadudu na buibui, kwa hiyo ukipuliza dawa kila mahali bustanini unawanyima chakula.

Usihangaike kumtengenezea maji ya sukari kama wanavyofanya Wamarekani kwa wavumaji wao. Sukari ni ghali, na chombo kisichooshwa huleta ukungu na ugonjwa. Panda shubiri, au chomeka tawi la hibiskasi karibu na pale unapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Havihitaji shamba.

Kuhusu watoto, kuwapiga kwa sababu ya manati hakusaidii sana. Mwoneshe mwanao kiota kimoja, mkae mbali, ahesabu mara ngapi mama analeta chakula asubuhi moja. Ndege wa gramu 10 hivi hana nyama ya kugombania, na mtoto akishamwona akilisha makinda, mwenyewe atawakataza wenzake. Walimu wanaopata nafasi ya kwenda Lilongwe na wanafunzi wanaweza kuuliza Kituo cha Wanyamapori cha Lilongwe, kando ya mto Lingadzi, ambacho hufundisha shule kuhusu wanyama na mazingira. Wewe unayeishi Kawale huhitaji hata usafiri wa mbali, na majirani zako Wamalawi wanamjua ndege huyu tangu utotoni. Waulize wanamwitaje kwa Chichewa.