Je, Wajua? Kompyuta Kuukuu na Mpya Zinapogoma Kusikilizana

Je, wajua kwamba kompyuta mpya ikigoma kufungua folda za ile ya zamani hapo nyumbani Itetemia, Tabora, mara nyingi hakuna kilichoharibika? Fikiria reli. Ile iliyofika Tabora mwaka 1912 ina upana wa milimita 1,000. Reli mpya ya SGR ina 1,435. Behewa la huku halipiti kule. Ndivyo zilivyo kompyuta zenye taratibu tofauti za kuwasiliana.

Wajua kwamba Windows XP hutumia utaratibu mmoja tu wa kushea mafaili, SMB1, wenye asili yake IBM mwaka 1983? Tangu toleo la Oktoba 2017, Microsoft ilianza kuiondoa SMB1 kwenye Windows 10 inayosakinishwa upya. Miezi mitano kabla, tarehe 12 Mei, kirusi cha WannaCry kilikuwa kimepenya kwa mlango huo huo na kufunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150. Fundi akikuambia "iwashe tu SMB1", mkatalie.

Wajua kwamba PIN unayofungulia kompyuta haikubaliki kupitia mtandao? Hapa ndipo wenye Windows 7 na 10 wanapoweza kukwama. Kidirisha kikiuliza jina na nywila, kinataka za akaunti iliyo kwenye mashine yenye folda. Akaunti isiyo na nywila nayo hukataliwa, basi iwekee. Hakikisha pia mashine zote ziko kwenye waifai moja, na mtandao umewekwa kuwa wa faragha, si wa umma. Jina la mashine lisipotokea, andika anwani yake, kwa mfano \\192.168.1.5.

Wajua kwamba kazi hii haili bando? Mafaili hupita kwenye ruta tu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikayumba nchini Tanzania, mtandao wa ndani ya nyumba haukuguswa.

Na ukitumia flashi badala ya mtandao, wajua kwamba flashi yenye mpangilio wa FAT32 haipokei faili moja la GB 4, hata nafasi ikiwa tele? Hamisha vilivyomo, kisha ifomati kwa NTFS, ambayo XP nayo huisoma.

XP iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 8 Aprili 2014. Kama bado unayo, toa picha na nyaraka zako kwa flashi, ikague flashi hiyo kwa programu ya kuzuia virusi, halafu iondoe mashine hiyo kwenye mtandao leo hii.